Roald Dahl: muuza mafuta wa Dar es Salaam aliyegeuka rubani wa vita

Mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa na ndege nne za kutua majini huko Mtoa, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji ambao leo unaitwa Kalemie. Waliziazima kwa Waingereza. Zilitoka Ulaya zikiwa vipande vipande ndani ya makasha, zikapita kwa meli, reli na mashua za mtoni, zikaunganishwa kando ya ziwa, kisha zikaanza kuvuka maji kwenda kudondosha mabomu Kigoma. Huko Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa, Graf von Götzen. Mwezi wa Julai Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe kabla ya kurudi nyuma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mwenye mzigo ziwani analijua: Liemba. Mmoja wa marubani wa zile ndege nne, Mbelgiji Aimé Behaeghe, hakurudi kwao. Aliugua akafa Niemba, Kongo, Desemba mwaka uleule.

Kwa hiyo vita vya angani si habari ya kuagizwa kutoka mbali. Vilipita juu ya maji haya haya tunayovusha dagaa, mchele na saruji. Msomaji anayetaka kujua mambo ya marubani wa vita kwa kupitia kitabu kizuri, hana haja ya kuanzia London wala Berlin. Anaweza kuanzia Dar es Salaam, kwa mtu aliyeuza mafuta ya taa na dizeli kabla hajashika usukani wa ndege, na ambaye alizaliwa mwaka huohuo wa 1916, tarehe 13 Septemba, huko Llandaff, pembeni ya Cardiff, nchini Wales. Jina lake Roald Dahl. Watoto wengi duniani wanamjua kwa hadithi za chokoleti na majitu. Wachache wanajua kwamba aliwahi kuzungumza Kiswahili kila siku.

Wazazi wake walikuwa Wanorwe. Baba, Harald, alikuwa mfanyabiashara wa bandarini. Akiwa na miaka 14 alianguka kutoka juu ya paa, mkono wa kushoto ukavunjika, na kwa matibabu mabaya ukaishia kukatwa. Kwa mkono mmoja alivuka bahari, akafungua kampuni pamoja na Mnorwe mwenzake huko Cardiff, mji uliokuwa ukipeleka makaa ya mawe dunia nzima. Kazi yao ilikuwa kuhudumia meli zinazotia nanga: kuzipatia makaa na kila kilichohitajika kabla hazijaondoka. Ni kazi ambayo wakala yeyote wa bandari ya Bujumbura angeielewa bila kuelezwa. Alitajirika. Lakini mwaka 1920 binti yake mkubwa, Astri, alikufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo akiwa na miaka saba, na wiki chache baadaye Harald naye akafuata kwa homa ya mapafu. Roald alikuwa na miaka mitatu. Mama, Sofie Magdalene, angeweza kurudi Norwe kwa ndugu zake. Alibaki, kwa kuwa mumewe alitaka watoto wasome Uingereza.

Shule hazikumfurahisha. Alipigwa viboko, alichukia, akakumbuka, na baadaye akaandika. Kitu kimoja alichokipata huko ni desturi ya kumwandikia mama yake barua kila wiki. Aliiendeleza akiwa kazini, akiwa jeshini, akiwa hospitalini. Mama alizitunza zote, zaidi ya 600, na mwanawe hakujua mpaka mama huyo alipokwisha fariki. Bila barua hizo kitabu tunachokuja kukizungumzia kisingekuwa kama kilivyo.

Alipomaliza shule hakutaka chuo kikuu. Alitaka kazi itakayompeleka mbali, Afrika au China. Mwaka 1934 akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, akafundishwa kazi Uingereza, na mwaka 1938 akapandishwa meli kwenda Mombasa, kisha Dar es Salaam.

Hapa msomaji wetu wa mipakani atajikuta nyumbani. Tanganyika, nchi kubwa zaidi ya mara 30 kuliko Burundi, ilihudumiwa na Shell kwa Waingereza watatu tu. Dahl, kijana wa miaka 22, mrefu wa karibu mita mbili, ndiye aliyekuwa mdogo wao. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa gari kwenye barabara za vumbi akitembelea wateja: mashamba ya mkonge, migodi, wenye mitambo na matrekta, kuwauliza wanahitaji nini na kuhakikisha kinawafikia. Petroli, dizeli, mafuta ya taa, grisi, oili za kila unene. Aliona mapema kwamba bila Kiswahili hapati kitu barabarani, akajifunza. Sisi ambao tumeona foleni za magari kwenye vituo vya mafuta vya Bujumbura, na tunaojua lita moja inapitia mikono mingapi kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi hapa, tunasoma kurasa hizo kwa jicho tofauti na la msomaji wa London. Yeye anaona simba na nyoka. Sisi tunaona mapipa.

Simba na nyoka wamo kweli. Kuna koboko, kuna mtaalamu wa kukamata nyoka, kuna simba anayemnyakua mke wa mpishi na kumwachia bila jeraha. Dahl anaeleza kwamba gazeti la East African Standard la Nairobi lilimwomba aandike habari ya simba huyo, likamlipa pauni tano, na kwamba hiyo ndiyo ikawa maandishi yake ya kwanza kuchapishwa. Namna anavyoisimulia ni tamu. Ila tukumbuke tangu sasa kwamba huyu ni mtu anayejua kunogesha.

Septemba 1939 vita vikaanza. Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani hadi vita vya kwanza, na Wajerumani wengi walikuwa bado wanaishi humo, wakiwa na mashamba na biashara zao. Serikali ya Waingereza iliamua wakamatwe wote wawekwe kambini. Kwa kuwa maafisa walikuwa wachache, karani wa Shell akavalishwa sare, akapewa askari wa KEYA, akatumwa kufunga barabara ya kusini inayoelekea Msumbiji ya Wareno. Hakuwa na mafunzo yoyote ya kijeshi. Askari wale walikuwa nayo. Kwa mujibu wa kitabu chake, msafara wa Wajerumani ulipofika kizuizini, kiongozi wao alimwelekezea Dahl bastola kifuani, na mmoja wa askari akamwahi kwa risasi. Yaani maisha ya mwandishi huyu mashuhuri, pamoja na vitabu vyote vilivyofuata, yaliokolewa na Mwafrika mwenye bunduki ya serikali kwenye barabara ya pwani ya kusini. Ningependa kitabu kingekaa na askari yule kwa kurasa nyingi zaidi. Hakikai naye.

Kuna pia Mdisho, kijana wa Kinyamwezi aliyemtumikia nyumbani, ambaye Dahl alimfundisha kusoma na kuandika. Kitabu kinasema kwamba siku vita vilipotangazwa Mdisho alichukua upanga wa Kiarabu uliokuwa ukutani, akakimbia usiku hadi kwa tajiri mmoja wa Kijerumani mwenye shamba la mkonge, akamuua, akarudi akijivunia kumsaidia bwana wake. Dahl akamfichia siri. Binafsi naona vigumu kuliamini jambo hili. Mauaji ya mzungu tajiri katika koloni hayakuwa kitu cha kupita kimyakimya. Lakini kinachosimuliwa kuhusu ukaribu wa vijana wawili hao, kila mmoja akimfundisha mwenzake, kina harufu ya kweli.

Novemba 1939 Dahl aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari peke yake kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, karibu kilomita 960, kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Walimkubali pamoja na urefu wake, ingawa daktari alikuwa na wasiwasi kama atatosha ndani ya ndege. Ndege yao ya mafunzo ilikuwa Tiger Moth, ya mabawa ya ghorofa mbili, isiyo na paa. Kichwa chake kilipita juu ya kioo cha mbele, upepo ukamziba pumzi, mpaka akazoea kujifunga kitambaa puani na mdomoni. Baada ya saa 7 na dakika 40 za kufundishwa aliachiwa arushe peke yake. Kurasa za Nairobi ndizo za furaha kuliko zote kitabuni: kijana aliyelipiwa na serikali ili aelee juu ya twiga na nyati wa Kenya asubuhi. Vijana waliojifunza naye walikuwa 16. Watatu tu kati yao ndio waliouona mwisho wa vita.

Kutoka Nairobi walipelekwa Habbaniya, kambi ya jangwani karibu na Baghdad, miezi sita ya mafunzo ya juu. Agosti 1940 akapewa cheo cha ofisa na kupangiwa kikosi namba 80, kilichokuwa kikipigana na Waitaliano katika jangwa la Misri na Libya. Na hapa ndipo habari yenyewe inapoanza.

Tarehe 19 Septemba 1940, wiki moja baada ya kutimiza miaka 24, alipewa ndege aina ya Gloster Gladiator, nayo ya mabawa ya ghorofa mbili, ambayo hakuwa amefundishwa kupigana nayo. Aliagizwa aifikishe kwenye kiwanja cha kikosi chake jangwani. Alituma njiani mara mbili kujaza mafuta, mara ya mwisho mahali panapoitwa Fouka. Hapo kamanda alimwonyesha kwenye ramani kilipo kiwanja: kusini ya Mersa Matruh, maili 30. Dahl akaruka jioni. Akafika mahali alipoelekezwa. Hapakuwa na kitu, ila mchanga na mawe. Akazunguka, akazunguka tena. Mafuta yakaanza kwisha, jua likazama. Akachagua kutua jangwani penye mwanga kidogo uliobaki. Magurudumu yakagonga jiwe kubwa, ndege ikachimba pua ardhini. Fuvu lake likapasuka, pua ikasukumwa ndani, macho yakafungwa na uvimbe. Tangi la mafuta likashika moto. Alijivuta nje akitambaa huku risasi za bunduki za ndege yake mwenyewe zikilipuka kwa joto nyuma yake.

Uchunguzi wa jeshi ulikuta kwamba alielekezwa vibaya. Mahali alipotumwa palikuwa katikati ya majeshi mawili, pasipo na mwenyewe. Kila dereva wa lori aliyewahi kupewa jina la ghala lisilokuwepo, akafika usiku na mzigo na tangi tupu, ataelewa hasira iliyomo katika ukurasa ule, ingawa dereva huyo kwa kawaida hurudi nyumbani na uso wake mzima. Dahl alichukuliwa Mersa Matruh, kisha kwa treni hadi hospitali ya wanamaji Alexandria. Wiki kadhaa hakuona chochote. Alikaa hospitalini na katika mapumziko hadi Februari 1941. Mgongo na nyonga zake hazikupona kabisa maisha yake yote.

Sasa tazama kilichotokea na habari hiyo. Mwaka 1942 Dahl alikuwa Washington, katika ubalozi wa Uingereza. Mwandishi mashuhuri C. S. Forester alimwalika chakula cha mchana, akitaka kusikia mkasa mmoja wa vita auandike kwa ajili ya gazeti. Dahl aliona ni rahisi zaidi kumwandikia mwenyewe. Forester aliuona uandishi ule hauhitaji kuguswa, akaupeleka ulivyo. Gazeti la Saturday Evening Post lilinunua kwa dola karibu 1,000, fedha nyingi wakati ule, na kuuchapisha Agosti 1942 kwa kichwa kinachosema ametunguliwa juu ya Libya. Katika maandishi yale kuna adui na kuna risasi. Lakini hakutunguliwa na mtu. Alikosa kiwanja kwa sababu ofisa mmoja aliweka kidole mahali pabaya kwenye ramani.

Marekani ilikuwa imeingia vitani miezi michache tu kabla, Uingereza ilihitaji mashujaa wa kuonyesha, na ajali ya kukosea njia haiuzi kama kutunguliwa. Ni miaka 44 baadaye, katika kitabu cha Going Solo, mwaka 1986, ndipo alipoieleza ajali yenyewe wazi, bila adui. Na hata hapo waandishi wa maisha yake wamekuta pengo: jioni ile hakuwa peke yake. Rubani mwenzake alikuwa akiruka naye katika Gladiator nyingine, akatua salama karibu, akakaa naye jangwani usiku ule hadi walipookolewa. Katika kitabu hayumo.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu anayependekezewa vitabu vya marubani wa vita anapaswa kujua anachonunua. Vingi vimeandikwa na watu waliokuwa na kitu cha kuuza: vita, nchi, au nafsi zao. Dahl ni afadhali kuliko wengi, kwa kuwa mwisho alirudi mwenyewe kusahihisha daftari, japo si mistari yote.

Madaktari walitaka kumrudisha Uingereza. Alikataa, akasubiri, akapona kiasi cha kuruhusiwa kuruka. Kikosi namba 80 wakati huo kilikuwa Ugiriki, kimebadilishiwa ndege na kupewa Hurricane, ndege ya kisasa ya bawa moja kila upande yenye bunduki nane. Aprili 1941 Dahl alivuka Bahari ya Kati akiwa na saa saba tu za uzoefu wa ndege hiyo, amekunjwa ndani yake kama mwavuli, miguu ikiwa imekufa ganzi alipotua Elevsis, karibu na Athens. Mafundi wa chini walishangaa kwa nini mtu analeta ndege mpya mahali hapo. Waingereza walikuwa wamebakiwa na Hurricane 14 na ndege nne za mabomu katika Ugiriki nzima. Wajerumani walikuja na ndege kwa mamia.

Hakuna aliyekuwa amemfundisha kupigana angani. Kijana mmoja, David Coke, alimkalisha chini jioni na kumweleza namna ya kuishi kesho: angalia nyuma yako, usimfuate adui kwa mstari mrefu, tafuta jua liko wapi. Hilo ndilo lilikuwa darasa lote. Coke mwenyewe aliuawa Desemba ya mwaka uleule.

Tarehe 15 Aprili alitumwa peke yake juu ya Chalcis, ambako Wajerumani walikuwa wakishambulia meli. Alikutana na ndege sita za mabomu aina ya Junkers 88. Aliangusha moja. Siku iliyofuata akaangusha nyingine. Anachokumbuka si ushindi, bali jinsi alivyoshangaa kuona watu wakiruka na parachuti kutoka katika kitu alichokipiga yeye. Tarehe 20 Aprili zikaruka Hurricane 12 zote zilizokuwa na uwezo wa kuruka, kulinda Athens dhidi ya kundi kubwa la Wajerumani. Aliyeongoza alikuwa Pat Pattle wa Afrika Kusini, ambaye wengi wanamhesabu kuwa rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote wa Jumuiya ya Madola katika vita ile. Hurricane tano ziliangushwa, marubani wanne wakafa, Pattle akiwa mmojawapo. Dahl anaeleza kwamba alipotua mkono wake ulitetemeka asiweze kuwasha sigara, na nguo zilikuwa zimelowa jasho. Siku chache baadaye ndege nyingi zilizobaki ziliteketezwa zikiwa chini, huko Argos, na waliobaki wakahamishwa kurudi Misri.

Kurasa za Ugiriki ndizo sababu ya kukitafuta kitabu hiki. Nimesoma vingine vya aina hii. Cha Richard Hillary, aliyeungua uso na mikono katika vita vya Uingereza, kina fikra nzito zaidi. Cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry kuhusu safari ya upelelezi juu ya Arras ni cha mtu anayewaza kama mwanafalsafa huku mizinga ikimpigia kutoka chini. Hillary alikufa 1943 akiwa mafunzoni, na Saint-Exupéry akapotea baharini na ndege yake Julai 1944. Dahl hana falsafa. Anakupa saa, mafuta yaliyobaki, idadi ya ndege asubuhi na idadi jioni. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu mali ikitoka na ikirudi, hesabu hiyo inauma kuliko maneno makubwa.

Baada ya Ugiriki alipigana kutoka Haifa. Juni 1941 aliangusha ndege ya Wafaransa wa serikali ya Vichy waliokuwa wakishikilia Syria, na Junkers nyingine. Kwa hesabu inayokubalika kwa kawaida aliangusha tano, idadi ambayo marubani waliichukulia kuwa ndiyo inayompa mtu jina. Lakini kichwa kilichopasuka jangwani kilikuwa kinadai deni lake. Maumivu makali yalimjia akiwa angani, kisha giza likamfunika macho kwa sekunde kadhaa. Madaktari walimvua mabawa. Akarudi kwa mama yake, ambaye hakuwa amemwona tangu 1938.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi na nitayapitia haraka. Kutoka ubalozini Washington aliingia pia katika kazi za ujasusi wa Uingereza. Mwaka 1946 alitoa Over to You, hadithi kumi fupi za marubani, nyingine za ajabu, nyingine za huzuni tupu. Ni kitabu cha mtu ambaye marafiki zake bado hawajaoza. Alimuoa mwigizaji Patricia Neal mwaka 1953. Mtoto wao Theo aligongwa na teksi New York mwaka 1960 akiwa bado mchanga, na Dahl akashirikiana na daktari mmoja na fundi mmoja kubuni kifaa cha kutoa maji kichwani ambacho kilisaidia watoto wengi wengine. Mwaka 1962 binti yao Olivia alikufa kwa surua, akiwa na miaka saba, umri uleule aliokufa nao Astri. Vitabu vya watoto vilimpa utajiri na jina.

Kuna kitu katika vitabu hivyo kinachotuhusu sisi wa Maziwa Makuu. Charlie and the Chocolate Factory kilipotoka mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti walikuwa mbilikimo weusi waliochukuliwa msitu wa Afrika, wakasafirishwa hadi Uingereza ndani ya makasha, na kulipwa kwa kakao. Watu weusi wa Marekani walilalamika. Dahl aliwabadilisha, na toleo la 1973 likawafanya watu wadogo weupe kutoka nchi ya kubuni. Katika nchi yenye Batwa, ukurasa ule wa kwanza hausomeki kama mzaha. Mtu aliyeishi Dar es Salaam na kufundishana na Mdisho alipaswa kuona mwenyewe, bila kuambiwa. Na maneno aliyoyatoa kuhusu Wayahudi katika miaka ya 1980 yalikuwa machafu kiasi kwamba mwaka 2020 ukoo wake uliomba radhi hadharani. Hata Going Solo, pamoja na uzuri wake, kinamtazama Mwafrika kutoka kwenye kibaraza cha nyumba ya Shell.

Anayekitaka kwa Kiingereza atakikuta chepesi. Sentensi ni fupi na maneno ni ya kawaida. Wasomaji wa Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa wakiulizie kwa jina la Escadrille 80, namba ya kikosi chake. Kitangulizi chake, Boy, cha mwaka 1984, ndicho chenye habari za Cardiff, baba mwenye mkono mmoja na viboko vya shule.

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiandikia kwenye kibanda kidogo cha bustanini huko Great Missenden, amekaa katika kiti kilichochakaa, ubao umewekwa magotini, kwa kuwa mgongo ulioumia mwaka 1940 haukumruhusu kukaa mezani. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo na wa nyonga zaidi ya mara moja. Madaktari walipomwekea nyonga ya chuma aliomba apewe mfupa wake wa zamani, akauweka mezani kibandani pamoja na vipande vya uti wa mgongo wake. Alikufa Oxford tarehe 23 Novemba 1990, akiwa na miaka 74, akazikwa Great Missenden. Mfupa bado upo.